Masaa Matano Hana pa Kukimbilia

Mpendwa Dada Raya,

Nakuandikia kwa kalamu, kwenye meza ya chakula ya Mama hapa Mabela, kwa sababu mwanao Ilham kanambia kuwa ujumbe wa sauti ninaokutumia unausikiliza kwa mwendo wa mara mbili. Alikuona mwenyewe ulipokuja, umekaa kitandani unakunja nguo, na mimi nabwabwaja kwenye simu yako kama kasuku aliyepaliwa. Sawa. Karatasi haina pa kubonyeza ikaenda mbio. Nitaipiga picha ukurasa kwa ukurasa nikutumie, na nakuomba uisome umeketi, si unapanda ngazi za hospitali.

Nina hasira, Dada. Nakwambia mapema ili usihangaike kuitafuta katikati ya mistari. Nimeisubiri ipoe. Nimeswali, nimefunga Jumatatu, nimefua mapazia yote ya nyumba hii na kuyapiga pasi. Haijaondoka.

Unaukumbuka uwanja wa ndege, miaka miwili na nusu iliyopita, ulipokuwa unakwenda Ireland kusomea udaktari wa watoto? Mwanao alikuwa na miaka kumi na mbili na ushei, kaning'inia shingoni mwako hataki kuachia, na wasafiri wanatupita na mikokoteni yao. Ukapiga magoti kwenye marumaru, na abaya yako nzuri ile, ukamshika uso kwa mikono miwili. Ukamwambia, "Likizo ya kwanza nikija, mimi na wewe, wawili tu, tunatia gari njia ya Emirati. Tunapanda rola kosta zote mpaka tuchoke." Akaacha kulia papo hapo. Mimi nilikusifu moyoni. Nikasema, dada yangu anajua kuzungumza na mtoto. Sikujua kuwa ahadi ile utaiacha nyumbani kwetu kama mzigo wa mtu aliyesema anarudi sasa hivi.

Jioni ile ile alianza daftari. Lina jalada la buluu. Ulipokuja lilikaa mezani muda wote na hukulifungua. Humo kaandika kila rola kosta, kila treni ya kupaa na kuporomoka iliyopo baina ya Dubai na Abu Dhabi: ipi ina mbio kuliko wenziwe, ipi inapindua watu vichwa chini na mara ngapi, ipi foleni yake fupi asubuhi. Kaandika siku ile tusinywe maziwa, nywele zifungwe, miwani iingie mfuko wenye zipu. Kaandika vituo vya kupumzika njiani na kila kimoja kakipa dakika kumi na moja. Nikamuuliza kwa nini kumi na moja.

"Kumi za choo," akasema, "na moja ya Mama kurudi kutafuta simu yake aliyoisahau."

Anakujua kwa mambo madogo namna hiyo, Dada. Anayaweka.

Baada ya Magharibi alikuwa akiniketisha mbele ya televisheni kunionesha video zilizopigwa kutoka kiti cha mbele. Alisema ananipima mimi ili ajue wewe utaweza, maana tuna damu moja. Mimi nafumba macho. Mama yuko nyuma yetu na tasbihi yake: "Astaghfirullah! Mtu na akili zake anajitia humo kwa nini? Mie nnasema, kama pembea, zipo hapa hapa madukani, kila siku nnapita nnaziona. Mpaka mwende nchi ya watu?" Kwa Mama, rola kosta ni pembea ya wazimu, na mpaka leo haiiti vingine.

Mara ya kwanza ulisema una mtihani. Tulishalipeleka gari langu kwa fundi Wadi Kabir, kiyoyozi kimetazamwa, tairi mbili zimebadilishwa. Ilham akasema mtihani ni mtihani, akafuta tarehe kwa raba, maana tarehe zote anaandika kwa penseli.

Mara ya pili ulikuja kweli. Siku tisa. Mbili ulilala, moja ulikwenda kwa daktari wa meno, tatu zikaliwa na arusi ya binamu yetu Quriyat, mbili watu walijaa kukuamkia na watoto wao wenye vikohozi ukawa unawapima sebuleni, na ya mwisho ulikuwa unafunga mizigo. Kule Quriyat, wanawake wanapiga vigelegele, nilimwona Ilham kakuinamia sikioni. "Mama, kesho?" Ukampapasa shavu. "Kesho inshallah, mwanangu." Inshallah ile ya kufungia mlango, sote tuliolelewa na Baba tunaijua. Fundi wa Wadi Kabir aliponiona narudi na gari lile lile akaniuliza kwa Kiarabu chake cha gereji, "Bado hamjaenda tu?" Nikamwambia bado. Akatikisa kichwa kama aliyefiwa.

Mimi ndiye niliyesema msafiri kwa ndege. Nilimwambia mara ngapi: mwanangu, kwa ndege ni saa moja, mnashuka hamjachoka, kwa nini mama yako aje na usingizi wake wa zamu za usiku umtie barabarani? Alikuwa anapaka kucha siku ile. Alizipuliza kwanza, kisha ndipo akanijibu.

"Mama mdogo, ndegeni atatia vile vya masikioni atalala. Nyumbani kuna Bibi, kuna wageni, kuna simu. Garini masaa matano hana pa kukimbilia."

Nikacheka. Nilidhani anafanya mzaha.

Na sasa hii ya tatu. Ujumbe wako ulinifikia Jumapili, siku nne kabla ya safari. Nilikuwa maabara, nimevaa glavu, nina chupa za maji ya visima vya watu mbele yangu nazipima. Nikaufungua kwa kidole kidogo. Sekunde arubaini na moja, nimezisikiliza mpaka nimezihifadhi: "Zuwena mdogo wangu, sitaweza kuja. Wamenipa nafasi ya kuendelea miaka miwili mingine, ni nafasi kubwa, nimeshakubali, na wananitaka nianze sasa. Nendeni nyinyi. Hili la miaka usimwambie, mwache afurahi kwanza. Mwambie tu nimekosa ruhusa. Mwambie wewe, wewe unajua kumwambia."

Mimi najua kumwambia! Nani kanifundisha? Nilimwambia kuwa hutafika siku ya zawadi skuli, na alikuwa wa kwanza darasani. Nilimwambia baba yake kahamia Salalah na mke mpya, kwa sababu ulisema ukikaribia kulitamka ulimi unakuwa mzito. Sasa huu wangu umekuwa mwepesi kwa mazoezi. Nilitamani kukupigia pale pale nikutukane, lakini ningekukuta wodini, na mtoto wa mtu yuko mikononi mwako. Hilo nalo linaniudhi. Hata kukukasirikia inabidi nitafute wakati unaokufaa wewe.

Nilimkuta jikoni anamenya viazi. Nikamwambia mama yako kakosa ruhusa. Hakuinua kichwa. Alikimenya kiazi kile mpaka kikabaki kama gololi.

"Basi utaendesha wewe," akasema.

"Tuahirishe, mwanangu. Tutakwenda naye akirudi."

"Nikiahirisha tena nitapanda na wajukuu zangu, mama mdogo. Utaendesha wewe au huendeshi?"

Nikasema nitaendesha. Niliomba likizo kazini, nikampigia baba yake Salalah atuletee karatasi ya ruhusa tusije tukasimamishwa mpakani, nikachukua bima ya gari ya kuvukia. Yote hayo nayafanya na miaka yako miwili iko kooni kwangu kama mwiba wa changu.

Tulitoka Alhamisi baada ya Alfajiri. Mama alitujazia kababu na mkate wa kumimina wa kulisha basi zima, akasoma dua kichwani kwa Ilham, akanambia mimi, "Taratibu. Na wewe usipande hiyo pembea, shingo yako nnaijua." Ilham akakaa mbele, akafungua nyimbo alizozipanga. Dada, zilikuwa nyimbo zako. Zile ulizokuwa ukizisikiliza ukipiga pasi. Alizipanga ili muimbe pamoja, na mimi sijui maneno, kwa hiyo zikawa zinajiimba zenyewe tu na sisi tumekaa kama wageni wa arusi wasiojuana.

Barka tulipita jua linachomoza. Alikuwa na wasiwasi na mwendo wangu. "Mama mdogo, lori limetupita. Lori la ng'ombe." Nikamwambia ukipata leseni yako utaendesha wewe. Tukabishana kuhusu kiyoyozi, tukabishana kuhusu njia, simu yake inasema hivi na mimi najua hivi. Nilikuwa mkali kuliko ilivyohitajika. Kila akigeuka kunitazama nilihisi ataiona ile siri usoni mwangu.

Suwaiq tukasimama kwenye kituo cha petroli. Akashuka kununua chai ya karak. Mimi nikataka kuhakikisha karatasi ya baba yake ipo, na najua kaiweka ndani ya daftari la buluu. Nikalifungua. Karatasi ilikuwepo. Na ukurasa ule ilipokuwa, kwa penseli, kulikuwa na orodha nyingine ambayo sikuwahi kuoneshwa:

Barka – skuli, na kuwa nimebadilisha masomo.
Suwaiq – kwa nini siku hizi hapigi Alhamisi.
Sohar – anarudi kweli mwezi wa sita?
Mpakani – nisiseme kitu.
Baada ya mpaka – nimwache aseme yeye.

Niliusoma mara mbili, nikalifunga, nikaweka mikono juu ya usukani. Hiyo ndiyo iliyokuwa safari, Dada. Miaka miwili na nusu tunazungumza rola kosta, na mtoto anapanga mahali pa kukwambia jambo moja na kukuuliza mawili. Kakugawia njia nzima. Kakuwekea mpaka kimya cha kufikiri jibu.

Akarudi na vikombe viwili. Akatazama saa. "Dakika kumi na nne," akasema. "Tumezidisha tatu."

Toka pale mpaka Sohar sikumbuki niliendeshaje. Nilizungumza ovyo. Nilizungumza kuhusu maji, kuhusu chumvi kwenye visima vya Batina, mambo ya kazini ambayo hata mimi hayanifurahishi. Vibao vya Sohar vikaanza kutokea. Nikaongeza maneno. Akatazama nje.

"Hapa ndio Sohar?"

"Ndio, Sohar."

Akaegemeza kichwa kiooni akafumba macho mpaka mji ukaisha. Ningeweza kumwambia pale. Mdomo niliufungua kabisa. Lakini nilikumbuka "mwache afurahi kwanza," nikaufunga, nikakutii kama nilivyokutii maisha yangu yote, na kwa hilo najikasirikia mimi, si wewe.

Mpakani askari alichukua karatasi, akamtazama Ilham, akaniuliza kwa Kiarabu, "Huyu nani wako?" Nikasema mtoto wa dada yangu. "Na mama yake?" Nikasema yuko nje, anasoma. Ilham akainama mpaka dirishani kwangu akasema kwa sauti ya kusikika foleni nzima, "Mama ni daktari. Daktari wa watoto." Askari akatabasamu, akasema mashallah, akapiga muhuri. Nilimtazama kwa pembe ya jicho. Uso wake ulikuwa unang'aa kwa fahari, Dada. Siku nne nzima nakutafutia ubaya, na yeye, na maswali yake mfukoni, anajivunia wewe mbele ya askari asiyemjua.

Abu Dhabi tulilala, asubuhi tukawa mlangoni kabla hawajafungua, kama lilivyosema daftari. Ile anayoitaka zaidi ndiyo ya kwanza, tumbo tupu. Usiidharau ukiiona kwenye simu. Inarushwa kama jiwe la manati, na watu wanavalishwa miwani ya plastiki upepo usiwachome macho. Mimi nilikataa. Nikakaa kwenye benchi na mikoba. Akapanda peke yake, akashuka, akarudi foleni, akapanda tena. Kila akipita juu yangu nilisikia mayowe ya watu wote na nikawa najaribu kuchagua la kwake, sikuliweza.

Aliposhuka mara ya tatu ndipo ulipopiga kwa video. Wewe wakati ule unaujua kwa dakika mbili ulizoziona: mwanao kachanika kwa kicheko, nywele usoni, nyuma yake reli zinameta kwenye jua. "Umefurahi, mwanangu?" "Sana, Mama!" "Mashallah. Nilijua tu. Nakupenda, naitwa." Ukakata. Jioni ukanitumia ujumbe: *Nimemwona. Roho yangu imetulia. Ahsante mdogo wangu.*

Barua hii yote naiandika kwa sababu ya ujumbe ule. Roho yako isitulie, Dada. Ngoja nikwambie dakika ya tatu.

Ulipokata, alibaki na kile kicheko mbele ya kioo cheusi, hakijui pa kwenda. Kisha akanipa simu, akasema anakwenda choo. Nikasubiri. Nikamfuata. Alikuwa kafungua bomba la maji kwa nguvu ili asisikike. Alisikika. Mwanamke mmoja aliyekuwa ananawa akanitazama, akafunga mkoba wake, akatoka, akatuachia pahala.

Alipotoka macho mekundu akasema, "Twende nyumbani."

Na mimi, badala ya kumkumbatia, nikapandwa na mori. "Nyumbani? Nimeendesha siku nzima! Tumebakiwa na siku mbili, una ukurasa mzima hujaupanda, unanambia nyumbani? Hapana. Sirudi."

Akajipangusa uso. "Basi panda na mimi."

"Shingo yangu, Ilham."

"Sote tuna kitu, mama mdogo."

Nikapanda. Mwanamke wa miaka thelathini na sita, mpima maji, shela nimeifunga mafundo matatu. Wakatushushia chuma kifuani. Treni ilipofyatuka sikuona kitu, nilisikia tu mtu anapiga ukelele, na ilinichukua muda kujua kuwa ni mimi, na kuwa ninachokipigia ukelele ni jina lako. "Raya! Raya!" Mpaka mwisho.

Tuliposhuka Ilham kanishika mkono. "Ulikuwa unamwita Mama."

Nikamsimulia. Nikamsimulia bustani ya Qurum, Idi ile Baba alipotupeleka kwenye ile pembea ya umbo la meli. Mimi nina sita, wewe una miaka ya Ilham huyu huyu. Ilipoanza kupaa nikaingiwa na hofu nikawa nalia nataka kushuka, na wewe ukamwita yule mwendeshaji asimamishe, hasikii, muziki mkubwa. Ukanivuta ukanifunika kichwa ndani ya abaya yako, ukanambia nihesabu mpaka mia. Kila nikifika kumi nakosea unanianzisha upya. Hatukufika mia, ikasimama. Nilipotoa kichwa nikakuona umelowa uso mzima. Ulikuwa unaogopa kuliko mimi, na sauti yako haikutetemeka hata mara moja.

Ilham alisikiliza yote. "Mimi sijawahi kumwona Mama anaogopa," akasema. Na baadaye kidogo, tumekaa tunakula kababu za Mama zilizopoa: "Labda ndiyo maana hasemi."

Alipanda zilizobaki. Siku ya pili nilipanda mbili zaidi, za watoto, na tulicheka, siwezi kukudanganya kuwa hatukucheka. Lakini mimi nilicheka na mzigo wangu kifuani.

Wakati wa kurudi, tulipovuka mpaka, akazima nyimbo. Nikajua. Vibao vya Sohar vilipotokea akauliza waziwazi, ananitazama: "Mama mdogo, Mama anarudi mwezi wa sita?"

Nikatia gari pembeni, kwenye uwanja wa msikiti mdogo, nikazima injini. Nikamwambia. Nilimwambia yote, miaka miwili, na kuwa umeshakubali. Nimevunja amana yako, Dada, na siombi radhi.

Akahesabu kwa vidole. "Nitakuwa kumi na saba na nusu. Nitakuwa namaliza skuli." Kisha: "Umejua lini?"

"Jumapili."

"Kabla hatujaondoka."

"Kabla."

Akafungua mlango, akashuka. Nilidhani anataka hewa. Akazunguka, akafungua mlango wa nyuma, akakaa nyuma kama abiria wa taksi, akafunga mkanda. Toka Sohar mpaka Mabela, njia yote, namtazama kwenye kioo na yeye hanitazami. Kiti cha mbele kina daftari peke yake. Nililia nikiendesha, na nikawa na hasira ya kuzimia: mimi niliyepeleka gari kwa fundi mara tatu, mimi niliyepanda na niliyepinduliwa kichwa chini, ndiye ninayekalishwa mbele kama dereva. Mpaka nilipofika Barka ndipo nikafahamu. Hasira zake zilikuwa zako wewe. Zimenipata mimi kwa sababu mimi ndiye niliyekuwepo.

Siku kumi sasa. Alikuwa ananijibu "sawa" na "ahsante" tu. Mama akawa anauliza, "Mmegombana nini huko, pembea imewapiga jicho?" Jana ndiyo alikuja chumbani kwangu na ile dawa ya kuchua ya Mama. "Shingo bado?" Nikasema bado. Akanichua, ana mikono yako, mizito na ya uhakika. Alipomaliza akasema, "Najua utamwandikia. Mwambie kuwa najua. Lakini nilichokwambia kuhusu yeye, usimwambie." Kuna jambo alilisema wakati ananichua, Dada, na nimeapa, kwa hiyo halimo humu. Si langu. Utalipata kwake au hutalipata.

Sisahau wewe ni nani. Baba alipokufa ulinisuka nywele kila asubuhi mpaka nilipoingia chuo, ulinifundisha hesabu za chuo kwenye meza hii hii huku una mimba ya Ilham na miguu imekuvimba. Najua hukwenda Ireland kutembea. Najua kila mtoto anayepona huko ni sadaka kwako. Sikuombi uache kazi wala nafasi yako kubwa. Chukua miaka yako miwili. Lakini mimi nimestaafu kazi yangu. Kuanzia leo la heri na la shari utamwambia mwenyewe, ulimi mzito au mwepesi.

Jumamosi hii baada ya Adhuhuri nampeleka Mama Quriyat kumtazama shangazi, hajiwezi. Tutarudi Magharibi. Ilham haendi nasi, ana mtihani wa kesho yake. Nyumba nzima atakuwa peke yake, na simu nimemwambia asiizime.

Mpigie wewe. Usimwanze na amekula nini, wala skuli vipi, wala usimuulize tena kama alifurahi. Mwambie umekubali miaka miwili, kwa maneno yako, halafu unyamaze. Na yeye atanyamaza, atanyamaza muda mrefu mpaka utadhani laini imekatika.

Usikate.

Nakupenda, na bado nimekasirika,

mdogo wako,
Zuwena